Mijunju ya Minza

Vijana wangu wa misitu mnaokuja kunisalimia hapa Bariadi, najua mnachochekea mkifika getini. Mnamkuta mama aliyelipwa na serikali miaka yote hiyo kwa kufukuza mbuzi kwenye miche, leo amestaafu, na uani kwake kuna mbuzi wanalia. Mmoja wenu aliniuliza kwa heshima zote kama nimebadilisha dini. Nikamwambia akae, anywe uji kwanza, kwa sababu habari ya hawa mbuzi haielezwi mtu akiwa amesimama. Alikunywa uji, simu ikaita, akaondoka. Kwa hiyo leo nawaandikia wote kwa pamoja, na anayetaka kucheka atacheka mwishoni.

Mimi ni mzaliwa wa Shishiyu, binti wa mfuga ng'ombe. Nimefanya kazi ya misitu Maswa, nikaletwa Bariadi, nikamalizia Meatu. Kazi yetu haikuwa ya msituni kama watu wa mijini wanavyodhani. Huku kwetu msitu ni mti mmoja hapa, mwingine kule, katikati shamba la pamba na kundi la ng'ombe. Ukisubiri msitu mnene ndipo uanze kazi, utastaafu hujaanza.

Mti ninaotaka muujue ni mjunju. Kwa Kisukuma tunauita nyuguyu. Najua mmeusoma chuoni na wengine wenu mna picha zake kwenye simu. Simu zenu sizichukii, hata mimi ninayo. Ila picha ya simu ni ya mti uliokwisha kuwa mti: umesimama, una kivuli, matawi yake yameinama, matunda yananing'inia kama tende. Huo hata mtoto wa darasa la kwanza anaujua, maana kamung'unya matunda yake hadi ulimi ukawa mchungu. Kazi ya ofisa misitu ni kuujua kabla haujawa mti.

Aliyenifundisha hilo ni dereva wa lori letu la miche, jina lake Sayi. Mtu wa maneno machache na matusi mengi, na matusi yake yote aliyaelekeza kwenye miiba. Tukipata pancha, na pancha zilikuwa chakula chetu cha kila siku, alikuwa anauchomoa mwiba kwa koleo, anaugeuza juani, kisha anataja mti. Mwiba mweupe mrefu, wawiliwawili: mgunga, akautupa. Mwiba mfupi uliopinda kama ukucha wa kuku: akatukana mara mbili, akautupa. Lakini akiuona mwiba wa kijani, mnene, ulionyooka, wenye urefu wa kidole na ambao haukuvunjika hata baada ya kupita kwenye tairi la lori, alikuwa anautia mfukoni.

"Huu ni nyuguyu," alikuwa akisema. "Huu unaheshimiwa. Mwiba wake ni wa kijani kama jani. Mti mzima unafanya kazi, hakuna mvivu."

Nilicheka siku hizo. Baadaye nilielewa kwamba Sayi alikuwa amesema jambo la maana kuliko somo zima. Mjunju haupukutishi kila kiangazi kama migunga. Migunga inapobaki mifupa, huo bado una majani, na hata ukibanwa sana na ukame ukapunguza, mwiba na kijiti vinabaki vya kijani. Ndiyo sababu kila mnyama mwenye njaa anaukimbilia huo.

Sasa shikeni alama zake. Mwiba ni mmoja mmoja, hauji na pacha wake. Shina la mti mzee halina duara zuri, lina mabonde kutoka juu hadi chini, na ganda lake limepasuka, ndani ya nyufa utaona rangi ya kijani au njano. Hizo zote zaweza kukudanganya, lakini jani halidanganyi. Kikonyo kimoja, vijani viwili. Si unyoya wenye vijani vingi kama wa mgunga, si jani moja. Viwili, vimesimama pamoja kama masikio ya mwanambuzi. Usipohesabu viwili, usifungue mdomo kusema ni mjunju.

Na kabla ya jani, tazama unapokanyaga. Sisi tulipewa kazi wakati mmoja ya kupanda miarobaini kwenye uwanja wa shule fulani upande wa Dutwa. Mwarobaini ni mti mzuri, sina ugomvi nao. Uwanja ule ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata hadi unaacha kiatu nyuma mvua zikinyesha, na kiangazi unapasuka nyufa ambazo ndama akiingiza mguu anavunjika. Tukachimba mashimo kwa mbwembwe, wageni wakaja, tukapiga picha. Masika maji yakatuama, mizizi ikaoza. Iliyosalia, kiangazi ardhi ikapasuka ikaikata. Mwalimu mkuu akawa anatuonyesha vijiti vilivyokauka kila tukipita, hasemi kitu, ananyoosha kidole tu. Pembeni mwa uwanja uleule mijunju miwili, ambayo hakuna aliyeipanda wala kuipiga picha, ilikuwa imesimama inatutazama. Mzizi wake unashuka moja kwa moja chini, unapita zile nyufa, unakwenda kutafuta unyevu ambao nyufa hazikuufikia. Udongo ukifunguka na kujifunga huku juu, huo haujali.

Nimewapa haya yote ili mwelewe nilichokiona siku nilipofika kwa Minza.

Minza ni mjane, anaishi kwenye kijiji kimoja nje ya Mwandoya. Nilikuwa nakaribia kustaafu, nimekwenda kijijini kwa shughuli nyingine kabisa, akanisubiri njiani ameshika fimbo ya ng'ombe. Mwanamke mwembamba, mrefu, haongei haraka.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola. Wewe ndiye wa miti?"

"Ndiye mimi."

"Basi njoo uone miti yangu kabla haijalimwa."

Mumewe alikuwa amemwachia ng'ombe na ngitili. Nyie mliokulia mjini, ngitili ni malisho ambayo familia ya Kisukuma inayafunga mvua zikiwepo, nyasi zinasimama, hakuna mnyama anayeingia, hadi kiangazi kikiwa kikali ndipo unafungua. Ni ghala la ng'ombe. Asiye na ngitili, kiangazi kikifika, anahamisha ng'ombe au anawazika.

Mume alipougua, uzio wa miiba ulilegea. Mbuzi wakaingia, wa kwake na wa majirani. Alipokufa, ngitili ilikuwa uwanja wa vichaka vifupi vya miiba, vimejifunga kama mito ya kulalia, havifiki hata magotini. Shemeji yake, Ngasa, mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake linapakana na hapo, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji akasema eneo lile limekufa, limebaki miiba, bora lilimwe pamba. Trekta alikuwa ameshaiulizia.

"Na Ngasa anasema ng'ombe wangu niwapeleke kwake," Minza aliniambia. "Atanilishia."

Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi, na nyie msihitaji. Ng'ombe wakishalala kwenye zizi la mtu mwingine mwaka mmoja, miwili, wakazaa huko, wakatibiwa huko, basi ni wa zizi lile. Ngasa hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa kwamba anamsaidia. Lakini Minza angebaki kwenye mji wake na fimbo bila ng'ombe wa kuchunga, na watoto wake wangekwenda kuomba maziwa kwa baba mdogo. Ngitili ikilimwa, habari yake imekwisha.

Nikainama kwenye kichaka kimoja. Nilichomwa, bila shaka. Mwiba wa kijani, mmoja mmoja. Nikapenyeza vidole ndani kabisa, ambako mdomo wa mbuzi haufiki, nikakivuta kikonyo kidogo. Vijani viwili. Nikaenda kichaka cha pili, cha tatu. Viwili, viwili. Nikautazama uwanja mzima, na nawaambia ukweli, machozi yalinilengalenga. Ule haukuwa uwanja wa miiba. Ilikuwa mijunju, mingi, kila mmoja umekatwa kichwa na mbuzi kila mwaka tangu mume wa Minza alipolazwa, na kila mwaka ukaota tena, chini kwa chini, umejizungushia miiba kama mtu aliyejifungia ndani.

"Hivi vichaka ni vya lini?" nikamuuliza.

"Hivyo si vichaka," akasema Minza. "Mume wangu aliniambia ni nyuguyu. Mimi nawaambia, wananiambia nyuguyu ni ile mikubwa ya kule mtoni."

Hilo ndilo kosa letu watu wa huku. Tunaujua mjunju mkubwa kuliko tunavyojuana wenyewe, tunachonga kwake mipini na vinu, tunaweka ng'ombe kivulini, lakini tukiukuta umetafunwa na mbuzi tunauita miiba. Ni kama mtu kumkana mtoto wake kwa sababu amerudi nyumbani amekonda.

Mkutano wa kijiji uliitwa. Mwenyekiti, Mabula, alikuwa mzee mpole anayependa kila mtu aondoke ameridhika, jambo ambalo haliwezekani. Ngasa alisimama kwanza.

"Ndugu zangu, mimi simfukuzi shemeji yangu. Ila ardhi imelala. Ng'ombe hali miiba. Kama kuna mti pale, nionyesheni nikae kivulini."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana alikuwa amesema vizuri. Nikasimama nikasema miti ipo, imedumazwa na mbuzi, na nikaomba misimu miwili ya mvua ngitili ifungwe. Mbuzi wasiingie kabisa. Ng'ombe waingie kiangazi tu, kula nyasi, kwa sababu ng'ombe anakula chini na mwiba anauogopa, lakini mbuzi anasimama kwa miguu miwili na kuchagua kichipukizi kwa ncha ya midomo kama mtu anachambua mboga. Misimu miwili ikipita na hakuna mti, trekta iingie.

"Ukishindwa, mayu, tukuone wapi? Utakuwa umestaafu," Ngasa akasema.

"Bariadi mnapajua," nikamjibu. "Nitakuja mwenyewe kushika usukani wa trekta."

Wakakubali. Na kwa desturi wakaweka mchenya, yaani faini ya kijiji: atakayeingiza mnyama mle kabla ya muda atatoa ng'ombe, achinjwe, aliwe na wote. Mchenya wa namna hiyo unaheshimiwa kuliko polisi.

Ilibaki shida moja. Minza mwenyewe alikuwa na mbuzi. Mbuzi walikuwa ndio ada ya shule na dawa, hakuweza kuwauza wote, na hakuwa na pa kuwachungia zaidi ya pale. Akamtazama shemeji yake mbele ya watu.

"Ngasa, nichungie mbuzi wangu. Maziwa kunyweni, na wakitimiza mwaka, mmoja aliyezaliwa kwako ni wa mwanao."

Kwetu hilo ni jambo la kawaida, kumpa ndugu wanyama awatunze, na kumkatalia mjane wa kaka yako mbele ya mkutano ni aibu kubwa. Ngasa akakuna kidevu, akakubali. Sikujua kama Minza alikuwa amelipanga au lilimjia palepale. Nilimuuliza baadaye, akasema, "Nilikuwa nimechoka tu, mayu."

Tukafunga uzio kwa matawi ya migunga. Nikamfundisha kazi ya kwenda kwenye kila kichaka: tafuta chipukizi lililonyooka kuliko yote katikati, hilo ndilo mti. Yanayoshindana nalo ndani, kata. Na hapa vijana nisikieni, maana nimewaona mkisafisha miti kama mnanyoa nywele: miiba ya nje usiiguse. Hilo ndilo boma lake. Ukiutoa mjunju miiba yake ya nje ili upendeze, umemwita mbuzi mezani. Minza hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Alikwenda kila alfajiri kabla ya kwenda shambani, na mikono yake ilikuwa imejaa mikwaruzo hadi viwikoni. Nikifika namkuta na panga dogo, anaongea na kichaka kama anamsuka mtoto asiyetulia.

Msimu wa kwanza vichipukizi vilifika kiunoni. Ngasa alikuwa akipita, anatazama juu ya uzio, anasema, "Miiba imerefuka." Basi.

Nilistaafu. Nikapewa keki na saa ya ukutani. Kila mtu alidhani nitapumzika, na mimi nilidhani hivyo, lakini nilikuwa naamka nikiwaza kiangazi cha Mwandoya. Nikawa napanda basi naenda. Binti yangu alikasirika, akasema nalipia nauli kazi ambayo serikali imeniachisha. Nilikuwa nimesema mbele ya kijiji, na mwanamke mmoja ameweka ng'ombe wake wote juu ya neno langu. Nisingeweza kukaa Bariadi natazama saa ya ukutani.

Kiangazi kilichofuata msimu huo kilikuwa kibaya. Mabwawa yalibaki tope. Minza alifungua ngitili kwa ng'ombe, wakala nyasi zilizosimama, zikaanza kuisha. Na hapo ndipo Ngasa alipomtumia ujumbe: alete ng'ombe kwake sasa, la sivyo, "njoo uchukue mbuzi zako, malisho yangu hayawatoshi wote."

Minza alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Vichipukizi vilikuwa vifuani, palepale ambapo mbuzi anafika vizuri akisimama. Mbuzi wakirudi siku tatu, kazi yote tuliyofanya inarudi kuwa mito ya kulalia. Nilishika basi la asubuhi, njia nzima nagombana na Ngasa moyoni, nampa hotuba. Nilipofika nilikuwa na hotuba tatu.

Sikutoa hata moja. Minza alitangulia, mimi nyuma. Akafika kwa Ngasa, akasalimia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akasema:

"Shemeji, nimekuja kuchukua mbuzi. Wote. Na watoto wao."

"Sawa," Ngasa akasema.

"Na yule wa madoadoa."

Mke wa Ngasa, Nkwimba, alikuwa anapepeta mtama. Akaacha. "Yule wa madoadoa ni wa mwanangu. Amempa jina."

"Angekuwa wake wakitimiza mwaka," Minza akasema taratibu. "Mwaka haujatimia. Baba yake ananirudishia kabla. Desturi siyo mimi niliyeitunga."

Na maziwa je? Nkwimba akamgeukia mumewe. Mtoto anakunywa nini kesho? Ngasa akaanza kueleza habari ya malisho, Nkwimba akamwambia malisho ameyaona, na mbuzi amewaona, na hakuna mbuzi anayetoka kwenye zizi hilo kabla ya mwaka, labda atoke na yeye. Kisha akarudi kupepeta. Ngasa akatutazama sisi wanawake watatu mmoja baada ya mwingine.

"Basi wakae," akasema.

Tulipofika njiani Minza alikaa chini. Alikuwa hajui kabisa kama Nkwimba atasema kitu. Kama Nkwimba angenyamaza, tungerudi na mbuzi. Nikamsugua mgongo, na sote tukaanza kucheka kama wasichana, tukiwa na njaa, juani.

Ng'ombe wa Minza walitoka kwenye kiangazi kile mbavu zimehesabika, lakini walitoka. Mvua zikaja, zikawa nzuri. Zilipokatika, Mabula akaita mkutano, na safari hii nikaomba ufanyikie palepale, kwenye uzio.

Nawaambieni, hata mimi niliyezoea nilishangaa. Mijunju ilikuwa imetufika vichwani, mingine imeanza kuinamisha matawi, na migunga ya jirani ilikuwa imeshaanza kupukutika wakati yenyewe ni ya kijani tupu. Watu waliingia wakishikashika majani. Vijana wakahesabu. Viwili, viwili.

Ngasa hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. "Hii imepandwa," akasema. "Mayu alikuwa serikalini, miche anayo. Amempa shemeji usiku usiku, wamepanda."

Manung'uniko yakaanza. Lilikuwa wazo linaloingia akilini, siwezi kumlaumu. Nikamwomba achukue jembe mwenyewe, achague mti autakao yeye, achimbe pembeni ya shina. Akachagua mmoja wa mbali, nadhani akishuku ya karibu imeandaliwa. Akachimba. Udongo mweusi ulikuwa bado na unyevu, ukanata kwenye jembe. Chini akakuta kisiki cha mzizi, kinene kuliko mkono wake, kimejaa vidonda vya zamani, kikizama chini moja kwa moja. Juu yake shina jipya, jembamba, limekaa kama mgeni kwenye nyumba kubwa.

"Mche wa kwenye kifuko unakuwa na mzizi huo?" nikamuuliza.

Akaruka uzio na jembe lake kwenda upande wake, tukashangaa, tukadhani anaondoka. Upande wake palikuwa na vichaka vilevile, vifupi, vimetafunwa na mbuzi wake na wa Minza hadi vikawa vigumu kama mawe. Akachimba pembeni ya kimoja. Jembe likagonga mzizi. Mnene uleule. Akapiga goti, akaingiza mkono ndani ya miiba, tukaona uso wake ukikunjamana kwa maumivu, akautoa mkono na kikonyo kidogo kati ya vidole. Akakiweka kiganjani, akahesabu.

"Viwili," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nafikiri kila mtu alikuwa anawaza shamba lake mwenyewe, na jina aliloviita vichaka vyake.

Mabula akasema mbele ya wote kwamba ngitili ni ya Minza na ng'ombe wake, na habari ya trekta imekwisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Minza hakupiga. Alikuwa anamtazama shemeji yake, ambaye bado alikuwa upande wa pili, damu inamtoka kwenye kifundo cha mkono.

"Shemeji," Ngasa akaita kutoka kule. "Kesho njoo uchukue mbuzi zako."

Mimi nilihisi hasira inanipanda hadi kwenye masikio, nikafungua mdomo kumpa zile hotuba tatu zote kwa mkupuo.

"Na wangu natafuta pa kuwapeleka," akaendelea. "Na mimi nafunga."

Ilituchukua muda kuelewa. Kisha Minza akacheka, akacheka hadi akashika uzio na kuchomwa. "Sasa watakaa wapi?" akasema. "Wewe unafunga, mimi nimefunga. Mbuzi wakakae wapi?"

Kijiji kizima kikageuka kunitazama mimi.

Mnanielewa sasa? Wa Ngasa walikwenda kwa wajomba zake. Wa Minza walipakiwa kwenye guta hadi Mwandoya, toka hapo kwenye lori la pamba, wakashushwa getini kwangu Bariadi, na jirani zangu wakatoka kutazama. Wa madoadoa hakuja. Mwaka ulikuwa umetimia, na mtoto wa Nkwimba alikaa naye mlangoni na fimbo ili asije mtu akasahau. Hawa wengine nawafunga kamba, nawaletea majani mwenyewe, na kila nikipita karibu na mche wowote wananitazama kwa dharau. Binti yangu amesusa kuja siku za Jumapili.

Juzi simu iliita. Minza haanzi na salamu siku hizi, amekuwa mtu wa haraka.

"Mayu, nilikwenda jana na mbuzi wa jirani, nikamsimamisha chini ya nyuguyu nikiwa nimemshika. Akanyoosha shingo, akanyoosha, akasimama kwa miguu miwili. Hakufika. Miti imewapita. Nirudishie mbuzi wangu."

Nilikaa chini. Nilikuwa na tita la majani mkononi, mbuzi wananililia, na mimi nalia.

Jumamosi tunawapakia. Nahitaji watu wa kuwashika, maana wamenenepa na hawataki kuondoka. Njooni mapema, mvae viatu vigumu. Tukifika kule nitawasimamisha nje ya uzio, upande wa Ngasa, ambako miti bado iko kiunoni, na sitamtajia mtu yeyote jina la mti. Mtainama, mtachomwa, mtahesabu.